Mbwa Mkali na Mbwa Mwoga: Mhadhara juu ya Kumlea Mbwa Mwenye Hofu



Nimeombwa niseme juu ya mbwa mwenye wasiwasi: yule ambaye haoni pikipiki ikipita illa huruka, hasikii lango likigongwa illa hupiga kelele mpaka povu likamtoka, wala hamwoni mgeni akigeuka kwenda zake illa humnyatia kwa nyuma amuume kisigino. Pengine mtu atauliza kuna faida gani kukusanyika kwa jambo dogo kama hili. Jawabu langu ni kwamba Nyahanga, hapa tulipo, ni kata ya Kahama, na Kahama ni mji uliozungukwa na dhahabu: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, uliokuwa mlangoni mwetu, mwaka 2009. Mahali penye dhahabu pana fedha, penye fedha pana ukuta, penye ukuta pana lango, na nyuma ya lango aghalabu pana mbwa. Watoto wa shule, wauza maziwa, mafundi na wageni hupita mbele ya malango hayo kutwa kucha. Kwa hiyo tabia ya mbwa si siri ya mwenye nyumba peke yake, bali ni jambo la mtaa mzima.

Rai yangu ni moja, nami nitaitaja kabla ya kuithibitisha. Nasema kwamba wengi katika hao tuwaitao mbwa wakali ni waoga. Kwamba ukali wao ni hofu iliyokosa pa kukimbilia. Na kwamba mbwa aliyeondolewa hofu kwa mafunzo ya subira hapungukiwi na thamani yake ya ulinzi, bali huzidi, kwa kuwa sauti yake huanza kuleta habari. Mizani inayotikiswa na kila upepo haipimi dhahabu, na mbwa anayebwekea kila kitu hamwambii mwenyewe kitu chochote.

Natutazame kwanza dalili. Mbwa amefungwa mnyororo chini ya mwembe uani, na kwa mbali inasikika pikipiki ikiacha barabara kuu na kuingia mtaani. Kabla hajabweka hata mara moja, mbwa huyo hufumba kinywa alichokuwa amekiacha wazi kwa ajili ya joto. Hulamba pua yake ingawa hakuna chakula. Hupiga mwayo ingawa hana usingizi. Masikio yake hulala nyuma, mkia huingia katikati ya miguu, weupe wa jicho huonekana pembeni, na uzito wa mwili wote huhamia miguu ya nyuma. Pikipiki ikizidi kukaribia, hutazama kulia na kushoto akitafuta pa kupita, na mnyororo humkumbusha kwamba hapana. Hapo ndipo hufyatuka, akibweka kwa sauti nyembamba ya juu, akienda mbele hatua mbili na kurudi nyuma moja. Pikipiki hupita, kwa kuwa ilikuwa ikipita tangu hapo. Lakini mbwa halijui hilo. Yeye alijualo ni kwamba amebweka na kitisho kimeondoka, basi kesho atabweka mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Na bwana wake, anayemtazama kutoka barazani, hujisifu moyoni kuwa amepata simba, ilhali aliye mbele yake ni mwoga aliyenyimwa njia ya kukimbia.

Hofu hiyo hutoka wapi? Sehemu yake ni ya kurithi, kwa kuwa mama mwenye wasiwasi aghalabu huzaa watoto wenye wasiwasi, na sehemu yake ni ya malezi. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kitoto cha mbwa kina kipindi maalumu, tangu takriban juma la tatu la umri wake hadi la kumi na mbili, ambacho ndani yake akili yake iko wazi kuwapokea watu, wanyama na sauti kuwa ni mambo ya kawaida ya dunia. Kile ambacho hakikuonekana katika kipindi hicho huelekea kutiliwa shaka baadaye. Sasa tazameni desturi yetu. Kitoto cha mbwa hutolewa kwa mama yake kingali hakijamaliza majuma mawili ya kipindi hicho, kikatiwa ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba, na kikawa hakitoki illa usiku, kwa itikadi kwamba mbwa asiyezoea watu mchana huwa mlinzi hodari gizani. Na wako hata wanaodai kuwa pilipili katika chakula humzidishia ukali. Huko bandani hufikiwa na sauti zote za mji wa machimbo bila ya kuona zinatoka wapi: makarasha yanayosaga mawe tangu alfajiri, baruti inayolipuliwa kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, mashine za kukoboa mpunga, malori yanayoelekea Rwanda na Burundi, spika za harusi zinazokesha, na radi za kanda hii ya ziwa ambazo hulifanya bati lenyewe litetemeke. Na akitoka nje, wa kwanza kukutana naye ni mtoto mwenye jiwe mkononi. Tumemjenga mwoga kwa mikono yetu, kisha tukamwita mkali.

Nchi hii yetu inayo shahada iliyo wazi ya kinyume cha malezi hayo. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, lina makao yake shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamishia kazi zake Morogoro mwaka 2000, ambalo hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Panya hao hawaanzi kwa bomu. Wangali wachanga, wenye majuma machache tu ya umri, hutolewa na walezi wao wakashikwashikwa, wakatembezwa kwenye majani na udongo, wakasikilizishwa magari na sauti za watu, ili dunia isiwe ngeni kwao. Kisha hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kidude fulani maana yake ni kipande cha ndizi, na kuanzia hapo kila wafanyalo sawasawa hufuatwa na mlio na ndizi. Mmoja wao aitwaye Magawa, aliyelelewa hapo Morogoro na kupelekwa Kambodia, alifichua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 na kupewa nishani ya dhahabu ya taasisi ya Kiingereza ya PDSA mwaka 2020. Ikiwa panya, ambaye kwa silika hukimbia kila kivuli, aliweza kutembea kwa utulivu juu ya ardhi iliyotegwa mabomu, basi seuze mbwa, aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka!

Mtu asidhani kwamba elimu hii ya kumfundisha mbwa ni ngeni kwetu, au kwamba imeletwa juzi na Wazungu. Katika sura ya Al-Maida, aya ya 4, Kurani inahalalisha mawindo ya wanyama waliofundishwa, na wanavyuoni wa fikihi wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea katika mwambao wetu, wakaweka masharti ya kumjua mbwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asile, na mambo hayo yawe yamekariri mpaka yajulikane kuwa ni tabia yake. Hukumu za najisi ya mbwa zimebaki mahali pake, wala mimi si mtu wa kuziondoa. Lakini tazameni kwamba sheria yenyewe ilitofautisha baina ya mbwa aliyefundishwa na asiyefundishwa, na ikakubali kwamba tabia ya mnyama huyu hubadilika kwa mafunzo yaliyokaririwa.

Ama namna hofu inavyoingia na inavyotoka, wa kwanza kutufumbua macho ni Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Watu wengi wamesikia jinsi mbwa wake walivyodondokwa na mate kwa ishara tu ya chakula. Wachache wamesikia yaliyowapata mwezi wa Septemba 1924, mto Neva ulipofurika mjini Leningrad na maji kuingia mabandani mpaka mbwa wakaogelea pua zikiwa karibu na dari. Wahudumu waliwaokoa, lakini baadhi ya mbwa walisahau yote waliyofundishwa, na hata baada ya kurudia hali yao ya zamani ilitosha kupitisha maji kidogo chini ya mlango wa chumba ili hofu yote irudi. Wengine waliofikwa na gharika ile ile hawakudhurika. Humo mna mafundisho mawili: kwamba tukio moja zito laweza kuacha alama ndefu, na kwamba viumbe hawakuumbwa na moyo mmoja, hivyo tusimlaumu mbwa huyu kwa kuwa ndugu yake ni jasiri.

Mwaka ule ule wa 1924, huko Marekani, bibi Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto aitwaye Peter aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumkaripia wala hakumlazimisha kumshika. Alimpa chakula akipendacho huku sungura amewekwa mbali, na siku baada ya siku akamsogeza karibu, hata mtoto akawa anamchezea. Baadaye daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliipanga njia hiyo kwa utaratibu, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Misingi yake ni miwili: kitisho kiletwe kwa kipimo kidogo ambacho moyo unaweza kukistahimili, na kila kinapokuja kifuatwe na jambo la kupendeza, mpaka kile kilichokuwa kikitangaza balaa kianze kutangaza neema. Ndiyo njia itumiwayo kwa mbwa hadi leo, nami nitaieleza jinsi inavyoweza kufanyika hapa hapa Nyahanga.

Kwanza, kabla ya mafunzo, mbwa aonwe na daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Mbwa mwenye kidonda ndani ya sikio, jino bovu, minyoo au maumivu ya nyonga hufanana sana na mbwa mwenye tabia mbaya, na hakuna mafunzo yanayoondoa maumivu.

Pili, waandaliwe watu wawili na dagaa. Dagaa wakavu wa ziwa letu, waliokatwa vipande visivyozidi punje ya hindi, hutosha kabisa. Na kwa mbwa aliyewazoea dagaa kila siku, vipande vya maini yaliyochemshwa vitamwamsha hamu. Mbwa afungwe kamba ndefu, kwa mkanda unaozunguka kifua kuliko ule unaokaba shingo, kwa kuwa kukabwa penyewe ni kitisho kingine. Kijana wa bodaboda aliye rafiki wa nyumba apewe nauli yake, aambiwe apite mwisho wa uchochoro, mbali, polepole. Umbali gani? Ule ambao mbwa ataiona pikipiki, atasimamisha masikio, lakini bado atakula. Mbwa anayekataa dagaa amekwisha kuvuka mpaka wa ustahimilivu wake, na anayetaka kumfundisha hapo apoteza wakati. Na arudi nyuma hatua kumi au ishirini, mpaka hamu ya kula irejee.

Sasa tazameni mpango wa matukio, maana hapa ndipo wengi hukosea. Pikipiki itokee kwanza. Dagaa wafuate papo hapo, kipande kimoja baada ya kingine, muda wote pikipiki inapoonekana. Ikitoweka, mkono uingie mfukoni na dagaa wakome. Anayeanza kwa kumlisha mbwa kisha pikipiki ikatokea humfundisha kuwa dagaa ni dalili ya balaa, na mbwa huyo ataanza kumwogopa hata anayempa chakula. Mazoezi yawe mafupi, yaishe mbwa angali na hamu. Baada ya siku kadhaa, pengine majuma, litatokea jambo dogo ambalo asiyekuwa makini hatalitambua: pikipiki itangurumia mwisho wa uchochoro, na mbwa, badala ya kuikodolea macho, atageuza shingo kumtazama bwana wake akidai haki yake. Hapo ndipo pikipiki isogezwe hatua mbili tatu, wala si zaidi. Kisha ije yenye abiria, kisha yenye gunia la mpunga, kisha inayopiga honi. Siku mbwa anaporipuka asipigwe wala asikaripiwe. Aongezwe umbali, na apumzishwe siku ile na pengine ya pili yake, kwa kuwa msukosuko wa hofu hukaa mwilini muda mrefu baada ya kelele kunyamaza.

Tatu, afundishwe la kufanya, si la kuacha tu. Mbwa aambiwaye kila mara “acha!” hajui afanye nini badala yake. Litandikwe gunia mbali na lango, afundishwe kwa dagaa kulala juu yake nyumba ikiwa kimya. Kisha mtu wa nyumbani atoke nje na kupiga “hodi!” kwa sauti ndogo, mbwa apelekwe guniani, alipwe ujira wake. Kwa kukariri, hodi yenyewe itakuwa ndiyo amri: atabweka mara mbili tatu kama ulivyo wajibu wake, kisha atakwenda mahali pake kungoja. Mwenye nyumba atakuwa amepata habari kwamba kuna mtu, na mtu huyo atakuwa ameingia na visigino vyake vizima.

Radi na baruti zina hukumu yake, kwa kuwa hazipangiwi umbali. Mbwa aachwe aingie ndani, pahali penye giza na ukuta mzito, asifungiwe chini ya bati. Na bwana wake akimpapasa kwa utulivu hamharibu, kwa maana hofu si kazi inayolipwa ujira ikaongezeka. Kwa mbwa aliyezidiwa kabisa zipo dawa za kutuliza moyo, lakini ni za kuandikiwa na daktari wa mifugo, wala si za kununua dukani kwa kukisia.

Najua kuna wanaosema moyoni kwamba fimbo ingemaliza kazi hii kwa siku moja. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha majibu ya wenye mbwa waliopeleka mbwa wao kutibiwa tabia: miongoni mwa waliokuwa wamewapiga kwa mkono au kwa teke, asilimia 43 walieleza kuwa mbwa waliwajibu kwa ukali. Na anayenyamaza kwa fimbo ni wa kuogopwa zaidi, kwa sababu anayemwadhibu mbwa kwa kuwa amenguruma humfundisha kuuma bila ya kuonya.

Wengine watasema kwamba mbwa mtulivu hatamtisha mwizi. Nawajibu kwa desturi ya nchi hii yenyewe. Sungusungu, yaani walinzi wa vijiji, walipoanza katika sehemu zetu hizi za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguvu yao ilikuwa katika yowe, na nguvu ya yowe ilikuwa katika kutopigwa ovyo; aliyelisikia alijua kuna jambo, akatoka. Kijiji ambacho yowe lingepigwa kwa kila mpita njia kingeacha kuamka. Mbwa wa jirani yako anayebweka tangu magharibi hadi alfajiri amekwisha kukufundisha wewe, na mwizi pia, kuupuuza mlio wake.

Wajibu wangu hautatimia nisipotaja mipaka. Wako mbwa ambao hawaponi kabisa, bali hupungua tu. Hao wawe na uzio imara na kamba, na wala wasiachwe na watoto wadogo hata kwa dakika moja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekwisha kuyatia maumivu ya wanyama katika hesabu ya mambo ya kisheria, na hatari ya mtoto wa jirani iko katika hesabu ya dhamiri. Na lililo kubwa kuliko yote: mbwa aliyekuwa mpole akageuka ghafla, au mkali akawa mpole kupita kiasi, anayedondokwa na mate, anayeshindwa kumeza, anayeuma mawe na miti, huyo si wa kufundishwa, ashukiwe kuwa na kichaa cha mbwa, asishikwe, na afisa mifugo aarifiwe hima. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya watu kwa ugonjwa huo katika Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, na karibu vyote vinavyotokea duniani hutokana na mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata chanjo, bila kungoja dalili, kwa kuwa dalili zikitokea hakuna tena tiba. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Na mbwa aliyezoeshwa kushikwa na kusimama kwa utulivu ndiye anayeweza kupelekwa kwenye chanjo bila ya watu wanne kumkaba. Mnaona basi kwamba mafunzo haya na afya ya watoto wetu ni jambo moja.

Ninayowaomba si mengi. Mwenye kitoto cha mbwa akitoe bandani kuanzia kesho, akionyeshe watu, baiskeli, mbuzi na mvua kabla kipindi chake hakijapita. Mwenye mbwa mkubwa amtazame kwanza siku chache bila ya kumsemesha, ajue ni kitu gani kinamtisha na kwa umbali gani, kisha ndipo atie dagaa mfukoni. Wazazi na walimu wawakataze watoto kuwatupia mbwa mawe, kwa kuwa jiwe alilotupa mtoto wa leo hulipwa na kisigino cha mtoto wa kesho. Na chanjo zikitangazwa katani, asiwepo mwenye mbwa atakayebaki nyumbani.